Harufu ya Gundi na Damu ya Fundi

Hakuna mtaa usiokuwa na fundi viatu. Huketi barazani au chini ya mti, mbele yake nyundo, msharasi, uzi na kopo la gundi lililoachwa wazi tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Mpita njia hutambua kazi yake kwa harufu kabla ya kumwona mwenyewe. Wengi huihesabu harufu hiyo kuwa sehemu ya ufundi, kama moshi ulivyo sehemu ya jiko. Na fundi akiulizwa kama haimdhuru, hujibu kwamba amekwisha kuizoea.

Kuzoea huko ndiko kwenye hatari. Pua ya binadamu haikuumbwa kuwa mlinzi wa karakana. Ikinusa kitu kimoja kwa muda mrefu huchoka na kuacha kutoa habari, na mtu hudhani kwamba kitu chenyewe kimetoweka, kumbe kingali kikiingia mapafuni kwa kila pumzi. Isitoshe, ziko kemikali ambazo hudhuru hata zikiwa hewani kidogo mno, pua isiweze kuzitambua. Mojawapo ni benzeni, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kuyeyushia mpira wa gundi ya viatu. Habari zake zinafaa kujulikana na kila fundi, kila mwajiri, na kila mama ambaye nyumbani mwake yumo mtu anayeshika gundi, rangi au petroli.

KIWANDA CHA DAMU

Benzeni ni kimiminiko kisicho na rangi, chenye harufu tamu kidogo, kinachotokana na mafuta ya ardhini na makaa ya mawe. Hukauka upesi sana, na sifa hiyo ndiyo iliyowavutia watengenezaji wa gundi. Fundi akiipaka gundi juu ya ngozi, benzeni huruka hewani mara moja na mpira hubaki umeshika. Lakini kilichoruka hakikupotea. Kimo katika hewa ile ile anayoivuta fundi, na anayoivuta mwanafunzi wake aliyeketi karibu naye.

Mvuke huo ukiingia mapafuni hupita katika damu. Ini hujaribu kuuvunjavunja, na katika kazi hiyo huzalisha vitu vingine vyenye sumu ambavyo hufika katika uboho, yaani ute uliomo ndani ya mifupa. Uboho ndio kiwanda cha damu. Humo hutengenezwa chembe nyekundu zibebazo hewa safi, chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na chembe ndogo zigandishazo damu mtu anapojikata. Kiwanda hicho kikidhoofika, mtu huweza kupungukiwa na aina zote tatu. Huchoka bila sababu, hushikwa na homa mara kwa mara, ufizi humtoka damu, na madoa ya damu huonekana chini ya ngozi pasipo kupigwa. Kwa wengine, chembe changa za damu huanza kuzaana bila mpango, na hiyo ndiyo saratani ya damu.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1897 daktari Santesson wa Sweden alieleza habari za wanawake waliotengeneza matairi ya baiskeli katika kiwanda kilichotumia benzeni. Wanne kati yao walikufa baada ya uboho wao kukoma kutengeneza damu. Mwaka 1928 Delore na Borgomano wa Ufaransa waliandika juu ya mfanyakazi aliyeshikwa na saratani ya damu baada ya kufanya kazi na kemikali hiyo. Hata hivyo benzeni iliendelea kumiminwa katika makopo, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu na kazi ilikwenda haraka.

YALIYOWAPATA MAFUNDI WA ISTANBUL

Mfano ulio wazi ulitoka Uturuki. Katika jiji la Istanbul walikuwapo maelfu ya mafundi viatu, wengi wao wakifanya kazi katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa vizuri. Yapata mwaka 1960 gundi zenye benzeni zilikuwa zimekwisha kuenea miongoni mwao. Baada ya miaka michache Profesa Muzaffer Aksoy, bingwa wa maradhi ya damu, aliona kwamba mafundi viatu walikuwa wengi mno miongoni mwa wagonjwa waliofika kwake kwa upungufu mkubwa wa damu.

Profesa huyo na wenzake hawakuishia kando ya kitanda cha mgonjwa, bali waliichunguza na kazi yenyewe. Hewa ya karakana ilipopimwa wakati gundi ikitumika, ilikutwa na benzeni iliyofikia sehemu 210 hadi 650 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Walipowapima damu wafanyakazi 217 waliojiona kuwa wazima, 51 walikutwa na kasoro. Maana yake ni kwamba karibu mtu mmoja katika kila wanne alikuwa amekwisha kuguswa na madhara, naye angali akienda kazini, akicheka na wenzake, akiamini kwamba hana ugonjwa wowote.

Mwaka 1974 wataalamu hao walitangaza kwamba, kati ya mafundi viatu wapatao 28,500, watu 26 walishikwa na saratani kali ya damu au hali inayoitangulia, baina ya mwaka 1967 na 1973. Kiasi hicho kilikuwa kama mara mbili ya kile kilichoonekana kwa watu wengine.

Lililotokea baadaye ndilo linalostahili kukumbukwa zaidi. Tangu mwaka 1969 benzeni ilianza kuondolewa polepole katika gundi za mafundi hao, na katika miaka iliyofuata idadi ya wagonjwa wapya ikapungua. Haikupungua kwa sababu ya dawa mpya, wala kwa sababu mafundi walifundishwa kuvumilia, wala kwa sababu kila mmoja alifungwa kitambaa puani. Ilipungua kwa sababu kilichomo ndani ya kopo kilibadilishwa.

SANDALI ZILIZOGUNDISHWA NYUMBANI

Mfano wa pili ulitoka Japani, nao unaihusu nyumba zaidi kuliko kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wasichana wa nchi hiyo walizipenda sana sandali za mtindo uliohusishwa na mwigizaji wa filamu Audrey Hepburn. Sandali hizo ziliunganishwa kwa gundi, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa majumbani. Chumba cha kulala usiku kilikuwa karakana mchana, na watoto walikuwa papo hapo. Baadhi ya wafanyakazi hao walikufa kwa kukauka kwa uboho. Mwaka 1959 serikali ya Japani ikapiga marufuku gundi ya mpira yenye benzeni.

Lakini habari haikuishia hapo. Watengenezaji walitafuta kiyeyushio kingine, na baadhi yao wakachagua heksani, ambayo haiharibu uboho kama benzeni. Miaka ya 1960 wafanyakazi wa sandali katika jimbo la Mie walianza kuona mambo mapya. Vidole vya miguu na mikono vilikufa ganzi, kisha miguu ikalegea, hata wengine wakashindwa kutembea sawasawa. Mwaka 1969 daktari Yamamura alieleza habari za wagonjwa 93 wa namna hiyo. Heksani ilikuwa imeshambulia mishipa ya fahamu. Italia nayo, ambayo kwa sheria ya mwaka 1963 ilikuwa imeizuia benzeni katika gundi na wino, iliwaona mafundi viatu wake wakipatwa na udhaifu kama huo wa miguu.

Kwa hiyo kubadilisha kopo ni hatua ya kwanza na iliyo bora, lakini lazima iulizwe: kilichoingia mahali pa kile kilichotolewa ni kitu gani? Mtu akiuondoa moto mlangoni na kuusogeza dirishani, bado nyumba yake iko hatarini.

KIASI GANI KINARUHUSIWA?

Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 136 kuhusu benzeni. Mkataba huo ulielekeza kwamba, popote panapopatikana kitu kingine kisicho na madhara au chenye madhara machache, kitumike hicho badala ya benzeni. Ulikataza wajawazito na mama wanaonyonyesha kuwekwa katika kazi za kukutana na benzeni. Vijana walio chini ya umri wa miaka 18 nao walikatazwa, isipokuwa kwa mafunzo yenye usimamizi wa kutosha. Wakati ule mkataba ulisema benzeni hewani isizidi sehemu 25 katika milioni.

Elimu ilipozidi, kiwango hicho kilionekana kuwa kikubwa mno. Marekani ilijaribu mwaka 1977 kukishusha hadi sehemu 1, lakini wenye viwanda walikwenda mahakamani, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaitengua amri hiyo. Kiwango cha sehemu 1 kwa wastani wa saa nane za kazi kiliwekwa hatimaye mwaka 1987. Katika miaka hiyo kumi ya mabishano wafanyakazi hawakuacha kupumua. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kiwango kishuke hadi sehemu 0.2 kuanzia Aprili 2026.

Tarakimu hizo zinaonyesha kwa nini pua haiwezi kutegemewa. Aghalabu mtu huanza kuinusa benzeni inapokuwa imekwisha kupita sehemu 1 katika milioni. Anayengoja harufu ndipo ajihadhari, amechelewa.

KWANZA KOPO, MWISHO BARAKOA

Katika karakana nyingi, mtu akizungumza juu ya usalama, fikra za watu hukimbilia barakoa. Mwajiri hununua barakoa chache, huwagawia wafanyakazi, kisha huona kwamba wajibu wake umetimia. Wataalamu wa usalama kazini hufuata mpango ulio kinyume cha huo, na barakoa huiweka mwisho.

Hatua ya kwanza ni kuiondoa sumu yenyewe. Gundi nyingine huyeyushwa kwa maji, nazo zinafaa kwa kazi nyingi ingawa huchelewa kukauka. Pale ambapo uzi unatosha, soli na ishonwe. Gundi yenye kiyeyushio kikali na itumike tu pale ambapo hapana njia nyingine.

Hatua ya pili ni kuizuia isiruke hewani. Kopo likiwa wazi huendelea kutoa mvuke hata pasipo mtu kuligusa. Fundi na atumie chombo kidogo chenye mdomo mwembamba unaotosha brashi tu, akifunike kila anapokwisha kupaka, na kopo kubwa alifunge na kuliweka mbali. Vitambaa vilivyolowa gundi vitiwe katika debe lenye kifuniko. Hatua hii haigharimu karibu kitu chochote, nayo humfaa pia mwenye kazi, kwa maana gundi isiyoruka haimalizi fedha.

Hatua ya tatu ni kuiondoa hewa mbaya kabla haijafika puani. Kiwandani hufungwa mtambo wa kunyonya hewa karibu kabisa na mahali gundi inapopakwa, ukiutoa mvuke nje. Feni ya darini haitoshi, kwani huizungusha tu ile hewa mbaya na kuwagawia wote waliomo. Fundi wa barazani hana mtambo, lakini anao upepo. Akae mahali palipo wazi, na kazi yake aiweke upande ambao upepo utauchukua mvuke mbali na uso wake, wala asiwapelekee jirani au watoto.

Hatua ya nne ni kupunguza muda na idadi ya watu. Kazi ya gundi ifanywe kwa zamu na mahali pake maalumu, ili asiyehusika asivute hewa hiyo bure.

Ndipo inapofuata barakoa. Nayo si kila barakoa. Kitambaa, au barakoa nyepesi ya vumbi, haiwezi kuuzuia mvuke hata kidogo. Hupita kama maji yapitavyo katika wavu. Inayofaa ni ile inayobana uso vizuri na yenye vichujio vya mkaa maalumu unaonasa mvuke. Vichujio hivyo hujaa, na vikijaa havina kazi tena. Vinapaswa kubadilishwa kwa ratiba, si kwa kungoja harufu. Mwajiri anayetoa barakoa na asitoe vichujio vipya amewapa wafanyakazi wake matumaini tu.

MAZIWA HAYAOSHI UBOHO

Iko imani iliyoenea katika viwanda na karakana kwamba maziwa huosha sumu. Mahali pengine wafanyakazi wa rangi na gundi hupewa maziwa kila siku, nao huyapokea kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, na hapana ubaya kuyanywa. Lakini mvuke huingia kwa njia ya mapafu na kwenda katika damu. Maziwa huingia tumboni. Hayawezi kuitoa benzeni katika uboho wala heksani katika mishipa ya fahamu. Fedha za maziwa zikinunua vifuniko vya makopo na gundi iliyo salama zaidi, zitakuwa zimefanya kazi kubwa zaidi.

Kadhalika yafaa kuachwa desturi ya kunawa mikono kwa petroli ili kuondoa gundi au grisi. Petroli yenyewe ina kiasi cha benzeni, nayo ngozi huweza kuipitisha. Desturi ya kuvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira ni mbaya zaidi, kwa kuwa huingiza mvuke mapafuni kwa nguvu, na mtu akipaliwa huweza kuumia mapafu hapo hapo. Sabuni, maji na mafuta ya kula huondoa uchafu mwingi wa mikono, na pampu ndogo ya mkono huvuta petroli bila kuihatarisha roho ya mtu.

NDANI YA NYUMBA

Mahali pa kazi pa wananchi wengi si kiwandani, bali ni uani, barazani, au katika chumba kile kile cha kulala. Sheria za usalama kazini zipo: Tanzania ilitunga yake mwaka 2003, Uganda mwaka 2006, na Kenya mwaka 2007. Hata hivyo mkaguzi hufika kiwandani kwa urahisi kuliko anavyofika chumbani mwa fundi. Hapo ulinzi wa kwanza umo mikononi mwa wenye nyumba wenyewe.

Gundi na isipakwe katika chumba wanamolala watu, wala kazi iliyopakwa isianikwe humo usiku. Mvuke wa viyeyushio hivi ni mzito kuliko hewa, na mahali palipotulia hutambaa chini, ambako ndiko mtoto hulala juu ya mkeka. Isipakwe karibu na jiko la mkaa, taa ya mafuta au sigara, kwa sababu mvuke huo hushika moto upesi. Gundi isimiminwe katika chupa ya soda wala kikombe, maana mtoto huviona hivyo kuwa vyombo vya kunywea. Mwanamke mjamzito na akae mbali na kazi hiyo, na mtoto asitumwe kuikoroga ati kwa sababu mikono yake ni myepesi. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake.

Mgonjwa anapofika hospitalini, na aitaje kazi yake. Mwaka 1700 daktari Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi, akawahimiza madaktari wawaulize wagonjwa kazi wanayoifanya. Ushauri huo haujazeeka. Homa za mara kwa mara na uchovu hudhaniwa upesi kuwa malaria, na mgonjwa hurudishwa nyumbani na vidonge. Lakini akisema kwamba amekaa na gundi au rangi kwa miaka kadhaa, na kwamba ufizi unamtoka damu au miguu inakufa ganzi, daktari atajua kwamba hana budi kuhesabu chembe za damu na kuichunguza mishipa ya fahamu. Madhara yakigunduliwa mapema na mtu akatolewa katika hewa ile, wengi hupata nafuu. Yakichelewa, hata aliyeiacha kazi huenda asirudi alivyokuwa.

Wajibu mkubwa uko kwa mwajiri, kwa kuwa yeye ndiye achaguaye gundi, chumba na muda wa kazi. Naye muuza duka ana sehemu yake. Gundi inayopimwa kutoka pipani na kutiwa katika makopo yasiyo na maandishi humnyima mnunuzi haki ya kujua anavuta nini. Mafundi wa soko moja wakikubaliana kununua gundi yenye maandishi tu, na wakauliza kwa pamoja kama ina benzeni, toluini au heksani, mwenye duka atalazimika kutafuta jibu kwa aliyemwuzia. Mtu mmoja akiuliza huonekana msumbufu. Ishirini wakiuliza ni wateja.

Fundi hununua ngozi kwa kuikunja, kuinusa na kuivuta ajue uimara wake. Kopo la gundi nalo linastahili uangalifu huo huo kabla ya kufunguliwa, kwani likishafunguliwa humhusu kila mtu anayevuta hewa karibu nalo.